Chupa ya Seramiki Haikuoshei Gari

Seramiki imefika Chalinze na imekuja na imani yake. Imani yenyewe ni kwamba ukishalipaka gari lako ile dawa ya chupa ndogo, rangi imevishwa kioo: haikwaruziki, haipauki, vumbi halishiki, na kazi ya kuosha inabaki kumwagia maji tu kama mtu anayemwagilia mchicha. Nimeisikia stendi kwa madereva wa mchomoko, nimeisikia kwa mafundi rangi walioko kando ya barabara ya Segera, nimeisikia hata nje ya msikiti siku ya Ijumaa, watu wakitafuta viatu vyao. Wenye pesa wanapeleka magari Dar es Salaam yakapakwe. Wasio nazo wananunua chupa na kujipakia wenyewe uani. Makundi haya mawili hubishana kuhusu nani anajua kupaka, lakini kuhusu kile ambacho mpako wenyewe unaweza kufanya wanakubaliana, na hapo ndipo wote wanapokosea.

Nianze na wembamba, maana hauandikwi kwenye boksi. Ndani ya chupa ya mililita 30 au 50 mna kimiminika cha jamii ya silika kilichochanganywa na kiyeyushi kinachoruka haraka. Ukikipaka, kiyeyushi kinaruka, kinachobaki kinashikamana na klia, lile tabaka angavu la juu ya rangi, na kukauka kuwa ngozi. Rangi yote ya gari la kiwandani, tangu praima hadi klia, kwa kawaida ina unene wa mikroni 100 hadi 150. Klia peke yake ni kama 40 au 50. Unywele wa kichwa chako ni kama 70. Ngozi ya seramiki ni mikroni moja, au mbili ukijitahidi. Hicho ndicho watu wanachokiita deraya.

Muuzaji atakunyamazisha kwa kukuonyesha maandishi: 9H. Nimewahi kuona mtu mzima, mwenye akili zake na duka lake la vifaa vya ujenzi, akieleza kwamba 9H maana yake ni hatua moja tu chini ya almasi. Amechanganya vipimo viwili. Kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini, ndicho kinachoishia kwenye 10, na 10 ni almasi. Hii H ya kwenye boksi ni ya penseli. Ni H ileile inayoandikwa kwenye penseli za wachoraji ramani: HB, 2H, 4H. Kuna utaratibu wa kimataifa wa kupima rangi kwa penseli, ISO 15184. Ncha ya penseli inasawazishwa kwa msasa, penseli inawekwa kwenye kifaa kinachoilaza nyuzi 45 na kuigandamiza kwa uzito wa gramu 750, kisha inasukumwa juu ya rangi. Wanapanda ngazi, kutoka penseli laini hadi ngumu, waone ipi itaacha alama. Ngazi zinaishia 9H. Kwa hiyo boksi linasema ukweli, ila ukweli wenyewe ni mdogo: penseli ngumu imepita juu ya mpako huu na haikuumiza.

Penseli ni grafiti iliyochanganywa na udongo. Sasa, ni nani hapa Chalinze anakwaruziwa gari kwa penseli? Labda mwalimu wa shule ya msingi aliyeegesha karibu na darasa la tatu.

Kinachokwaruza magari yetu ni mchanga. Mchanga una kwatzi, na kwatzi kwenye kile kipimo cha Mohs ni 7, ilhali chuma cha kisu cha kawaida ni kama 5 na nusu. Punje ya namna hiyo ikisuguliwa juu ya ngozi ya mikroni moja haitaulizia kwanza imeandikwa H ngapi. Halafu kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulipuuza: ugumu wa ngozi nyembamba unategemea kilicho chini yake. Ukiijaribu juu ya kioo inaonekana shujaa. Juu ya klia ya Toyota ya miaka kumi na tano, klia inabonyea na ngozi inafuata.

Tena hapo nazungumzia mchanga wa kusuguliwa tu. Kokoto ni habari nyingine. Hapa njia panda yanapita malori yanayokwenda Tunduma na kuendelea Zambia na Kongo, yanapita yanayokwenda Segera, Moshi na Arusha, na katikati yao yanapita malori ya kokoto kutoka Lugoba yakipeleka mzigo Dar es Salaam, mengine bila turubai. Kokoto moja ikirushwa na tairi la lori wakati wewe unakuja kwa kasi ya kilomita 80, boneti itapata tundu hadi kwenye praima, seramiki au bila seramiki. Kinachoweza kuzuia pigo hilo ni ile plastiki ya kuvalisha gari, yenye unene wa mikroni 150 hadi 200, ambayo inabonyea na kumeza pigo. Hiyo ni bidhaa tofauti kwa bei tofauti, na asiyekuambia tofauti hiyo anakuuzia moja kwa sifa za nyingine.

Seramiki ya kweli tunaijua: tuna kiwanda cha vigae hapo Pingo. Kigae kinapita kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000, kinatoka kimekuwa jiwe, na ndiyo maana unakikanyaga kwa viatu vyenye mchanga miaka nenda miaka rudi. Gari halijapita tanuri. Limekaushiwa uani, chini ya bati, kwa joto la kuanikia dagaa.

Sitaki kudhulumu. Mpako uliopakwa vizuri una faida zake na nimeziona. Maji hayatandi juu yake, yanajikusanya matone na kuteleza. Tope la masika linatoka kwa maji kidogo zaidi. Wadudu wa safari ya usiku, wale wanaojaa kwenye bampa ukitoka Korogwe, hawang'ang'anii sana. Kinyesi cha ndege na utomvu wa mwembe, ambavyo huila klia wakati wa jua, vinakupa muda kidogo kabla ya kuacha alama. Muda kidogo, asubuhi hadi mchana tuseme, si Jumatatu hadi Ijumaa. Hizi ni faida za kurahisisha kuosha. Hazifai kitu kwa mtu aliyenunua chupa ili aache kuosha.

"Mbona langu linang'aa?" Hilo ndilo jibu la wote. Mwenye Harrier nyeusi, jirani yangu, alinivuta mkono hadi uani kwake nikaone ile aliyoanza nayo, IST ya mkewe. Kweli ilikuwa inang'aa. Nikamuuliza kabla ya kupaka alifanya nini. Akasema fundi alipiga msasa wa maji wa 2000, akapiga kampaundi kwa mashine, akapiga polishi, kisha ndipo wakapaka. Mng'ao wa gari lile umetoka kwenye msasa na kampaundi. Seramiki imeukuta tayari. Na msasa haukuleta mng'ao kutoka hewani: umepunguza klia hadi pale mikwaruzo ilipofikia, ukafuta mikwaruzo pamoja na klia yenyewe. Klia ya mikroni 40 haipunguzwi mara nyingi. Gari la Japani linalofika bandarini huenda liliwahi kupigwa polishi huko likiwa mnadani, likapigwa tena yadi Dar es Salaam ili lipendeze machoni pa mnunuzi, sasa unalipiga mara ya tatu uani Chalinze, na fundi wako hana kifaa cha kupima unene, anapima kwa kidole na bismillahi. Ukitaka kujua mwisho wa njia hiyo, tazama paa za magari meusi yaliyozeeka hapa barabarani: mabaka meupe, klia ikibanduka vipande. Jua letu halisamehe. Tuko nyuzi 6 na nusu kusini mwa ikweta, jua linasimama utosini kwetu mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na tena ndani ya Oktoba, na miezi iliyobaki halisogei mbali. Kinachopambana nalo ni klia, kwa kuwa ndani yake kiwandani waliweka dawa ya kufyonza mionzi na ina unene wa kufanya kazi hiyo. Kuipunguza klia kwa msasa ili upake kikinga jua cha mikroni moja ni biashara ya hasara.

Nije kwenye maji. Watangazaji hupenda kuonyesha yale matone ya mviringo yanayokimbia juu ya boneti. Video zile zimepigwa kwa maji safi. Hapa wengi tunaoshea maji ya kisima, na visima vingi vya ukanda huu vina chumvi. Kuna majira birika linajenga ukoko mweupe ndani ya wiki chache tu. Wakati wa masika Mto Wami unashuka na tope, na bomba nalo linabadilika rangi. Maji ya namna hiyo yakitanda kwenye rangi ya kawaida yanaacha utando mwepesi. Yakijikusanya matone juu ya seramiki, chumvi yote ya tone inabaki mahali pamoja tone linapokauka, na juani linakauka kabla hujafika mlango wa pili. Kinachobaki ni duara jeupe gumu, mamia yake, hasa kwenye gari jeusi. Kwa hiyo gari lenye seramiki hapa Chalinze linahitaji kukaushwa upesi na kwa uangalifu kuliko lisilo nayo. Yule aliyenunua chupa ili apunguze kazi ameiongeza.

Na anayekausha ni nani, na anakausha kwa nini?

Hapa ndipo penye ugonjwa wenyewe, na ndipo hakuna anayetaka kutazama, kwa sababu dawa yake haiuzwi kwenye chupa. Rangi ya gari katika nchi hii inauawa na kitambaa. Nenda nyumba yoyote yenye mlinzi au kijana wa kazi, alfajiri, kabla mwenye gari hajatoka. Utamkuta anafuta gari kwa dasta kavu. Anafanya hivyo kwa heshima, kwa bidii, hata kwa mapenzi, maana bosi akitoka akakuta gari na vumbi itakuwa shida. Usiku kucha vumbi la barabara limetua, vumbi la kokoto ndani yake, na yeye analisaga kwa kiganja, kwa mizunguko, kuanzia boneti hadi buti. Kila asubuhi. Hesabu mwenyewe mwaka una asubuhi ngapi. Ile mikwaruzo ya mzunguko unayoiona juani, iliyojipanga kama inazunguka taa, haikuletwa na kukosa seramiki. Imeletwa na heshima.

Kisha peleka gari kwa vijana wa kuosha. Ndoo moja kwa magari yote ya siku. Sponji imedondoka kwenye mchanga, imeokotwa, imekamuliwa, imerudi kazini. Sponji hiyohiyo imeanza kwenye rimu, ambako vumbi la breki ni chembe za chuma, ikapanda milangoni. Sabuni ni ya unga, ile ya kufulia, kali kwa sababu imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo za shambani. Sabuni hiyo inamaliza nta na inachosha hata seramiki kabla ya muda ulioandikwa kwenye boksi. Sizungumzi kwa kuwadharau vijana. Bei tunayowalipa haiwezi kununua ndoo ya pili. Mtu yuleyule aliyelipa mamia ya elfu kupaka seramiki anabishana na mwosha gari juu ya shilingi elfu mbili.

Kazi inayookoa rangi inajulikana na haina siri. Kwanza maji mengi bila kugusa, vumbi lishuke lenyewe. Kisha shampuu ya magari, ndoo mbili, moja ya povu na nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga ubaki kwenye ndoo ya pili. Unaanza paa unashuka. Rimu zina kitambaa chake na hakipandi juu hata siku moja. Kivulini. Unakausha kwa taulo nene la mikrofaiba, unalilaza na kulivuta taratibu, husugui. Alfajiri mlinzi apumzike. Vumbi lililotua juu ya gari bila kusuguliwa halidhuru chochote ila majivuno ya mwenye gari. Nimewahi kulisema hili mbele ya wazee wawili na wakanitazama kana kwamba nimewaambia watoto wasioge.

Kuna kundi jingine ambalo pia silikubali, nalo ni la wenye maduka ya kupaka, wanaosema mtu asithubutu kujipakia nyumbani. Nyumbani panafaa kabisa. Kupaka ni kazi ya subira na kivuli, na mwenye gari ana subira kwa gari lake kuliko kijana anayesubiriwa na magari mengine matatu. Ila nyumbani si chini ya mwembe saa sita mchana. Bati la gari jeusi likiwa juani linapita nyuzi 60, na dawa ikigusa bati la moto kiyeyushi kinaruka papo hapo, mpako unaganda mistarimistari kabla hujaufuta, na mistari hiyo haitoki kwa kitambaa. Inatoka kwa kampaundi, yaani kwa klia. Mwembe nao unadondosha. Na Februari, joto na unyevu vikikutana, ni mwezi wa kuacha chupa kabatini.

Anayetaka kupaka hapa angoje Juni au Julai, kipupwe kikiwa kimetulia, aanze asubuhi ndani ya banda lenye paa, sakafu imelowanishwa vumbi lisiinuke. Gari lioshwe, lipitishwe ule udongo maalumu wa kunyofoa chembe zilizoganda kwenye rangi, lifutwe kwa spiriti ili pasibaki mafuta. Kama lina mikwaruzo mikubwa, aamue kwa uaminifu kama klia inaweza kubeba kampaundi nyingine, na jibu likiwa la mashaka aache mikwaruzo ilivyo. Apake kipande kwa kipande, nusu boneti, afute, aangalie kwa tochi ya pembeni, ndipo asogee. Avae glavu. Kisha gari lisiguswe na maji saa 24, hata umande, na lisioshwe kwa sabuni kwa wiki nzima. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Chalinze watu hawakai na gari lisilotembea siku mbili. Kuna msiba Msata, kuna mananasi Kiwangwa, kuna mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Tumbi.

Ambaye haya yote yanamchosha anunue kopo la nta. Nta nzuri ya carnauba, inayotoka kwenye majani ya mti fulani wa jamii ya mnazi huko Brazil, inapakwa na kufutwa kwa saa moja, inatelezesha maji kama kawaida, na ukiikosea unaifuta tu. Itaisha baada ya wiki kadhaa, na hiyo kwangu ni sifa: inamlazimisha mtu alirudie gari lake, aliguse, aone mahali kutu inapoanzia.

Maana kutu haianzii kwenye boneti. Wakati juu tunapaka silika, chini tunapiga oili chafu. Ndiyo desturi: gari likishaoshwa linapandishwa, kijana anapuliza mchanganyiko wa dizeli na oili iliyokwishatumika, eti kukinga kutu. Oili inazuia maji, sikatai, lakini inapulizwa juu ya tope ambalo halikutoka, hivyo tope linabaki limefunikwa likiwa na unyevu wake, na kwa wanaokwenda na kurudi Bagamoyo, likiwa na chumvi yake ya bahari. Vumbi linanata juu ya oili, tope linanata juu ya vumbi. Bushi za mpira zinalowa mafuta, zinavimba, zinalegea, na mwenye gari anashangaa kwa nini anabadilisha bushi kila mara. Iliyobaki inadondokea ardhini, karibu na kisima kilekile tunachooshea.

Na magari haya hayafiki yakiwa mabikira. Yaliyotumika kaskazini mwa Japani, Hokkaido na jirani zake, yamepita misimu ya baridi kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi kuyeyusha barafu. Karatasi ya mnada inaeleza kila kitu kwa herufi: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipowahi kunyooshwa, S ni kutu, C ni kutu iliyokwishakula bati. Mnunuzi wetu anaikunja karatasi, anauliza kama kuna sitireo, na akilipata gari anaanza kulitafutia seramiki. S na C ziko uvunguni, hazionekani kwenye picha ya harusi.

Jirani yangu wa Harrier alinisikiliza hadi hapo, akanyanyua chupa yake, ingali na utepe wake. "Kaka, sasa hii nimeshailipia. Niitupe?" Nikamwambia asiitupe, aiweke mahali pa baridi hadi Julai. Kwanza anunue ndoo ya pili, amnyang'anye mlinzi dasta, na Jumamosi alipandishe lile gari, aingie chini mwenyewe na tochi na bisibisi, agongegonge chasisi kuanzia mbele. Akaniuliza kama nitakuja kumshikia tochi. Nimekubali, kwa sharti kwamba hapaki chochote siku hiyo, juu wala chini.